Kopo la Sukari

Kitu cha kwanza Siwema alichokiona ni kopo la sukari. Lilikuwa limepandishwa rafu ya juu kabisa, na yeye alitembea kwa magongo mawili. Akanywa chai bila sukari. Kesho yake sabuni nayo ikapanda kabatini. Akaogea maji matupu.

Nyumba hiyo ya pamoja ilikuwa ya walemavu wasio na kipato, na kuta zake zilisikiliza. Aliyekaa siku saba bila kuomba msaada, ukuta ulimwandika kuwa anajiweza, na gari lilikuja kumhamishia chumba cha peke yake, ng'ambo ya mji. Siwema alikuwa amefika siku ya saba. Nafasi katika nyumba hii ya pamoja aliisubiri miaka minne na hakutaka kuiacha, lakini kuomba aliona aibu. Kwao aliitwa mzigo.

"Chai ya leo tamu?" aliuliza Bi Tabu, asiyeona.

"Tamu, Bi Tabu."

"Muongo. Sukari nimeificha mimi, na kipofu hafichi kitu akakisahau."

Chande, mwenye mkono mmoja, akacheka mpaka akamwaga chai yake. "Dada, usipoomba leo, kesho tunayatundika magongo darini."

Siwema naye akacheka. "Naomba mnishushie sukari."

Ukuta ukalia, ti. Bi Tabu akapiga kigelegele. Kesho ukuta ungeanza kuhesabu upya.

Siwema akakoroga chai polepole. Lilibaki neno moja, ambalo ukuta haukufundishwa kulihesabu.

"Hata siku nitakayojiweza," alisema, "nataka kukaa nanyi."