Kofia Mdomoni

"Baba, leo mdomo utie kufuli," binti yangu aliniambia kwenye simu. "Wakigundua unasikiliza, nitatolewa darasani."

Huko chuoni ughaibuni, siku hiyo walikuwa wanafundishwa mgomo wetu wa kiwanda cha magunia. Akaificha simu kwenye mkoba, kamera ikichungulia. Nikamwona mhadhiri, kijana wa tai, akieleza bila kupepesa macho kwamba tulirudi kazini kwa sababu tulichoka.

Tulichoka?

Wenye kiwanda walitufungia ndani siku tatu na maji wakatukatia. Aliyefunga bomba namjua mpaka leo, na kicheko chake nakijua. Sikujifundisha lugha ya huko chuoni peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada, ili nije nisikie upuuzi huu. Mtaani wananiita Kipaza, na si bure.

Lakini nikamkumbuka mwanangu, na jinsi alivyoisotea nafasi ile. Nikavua kofia, nikaishindilia mdomoni, nikaing'ata. Ilikuwa na ladha ya jasho na sabuni.

Mara mkono ukapanda mbele ya kamera. Naujua, kile kidole gumba kipana alikitoa kwangu.

"Samahani, mwalimu. Hawakuchoka, walinyimwa maji. Aliyekuwepo yuko hapa."

Simu ikainuliwa. Darasa zima likanigeukia, mimi na fulana yangu iliyotoboka. Mhadhiri akavuta kiti, akakaa, akafungua daftari.

"Tunakusikiliza, mzee."

"Haya, Kipaza," binti yangu akanong'ona. "Toa kofia."