Onja Kwanza

Kilabu cha Ngowa kilijengwa kuuzunguka mnazi mmoja. Vidato vya kukwelea bado vipo shinani, ingawa hakuna aliyeukwea tangu mgema Mwaringa ateleze akafa. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Mwaringa alitaka kungoja shina likauke. Ngowa akamwambia wateja wana kiu. Hakuna mwingine aliyesikia.

Leo mjane wa Mwaringa, Dama, aliingia kwa mara ya kwanza, akaketi chini ya mnazi ule.

“Nipe tembo, shemeji.”

Ngowa akajaza kata, akamnyooshea. Dama akanyoosha mkono, lakini hakuipokea.

“Mbona huonji? Marehemu alisema huwa unaonja kwanza, ili mtu asiwe na shaka nawe.”

Ngowa akapiga funda. Tembo likamjaa kinywani, likakataa kushuka. Dama alikuwa bado amenyoosha mkono.