Jina la Mwanahamisi

Mwanangu anatambaa na bado hana jina. Siku hizi jina moja haliruhusiwi kubebwa na wawili. Mpaka mwenyewe afe ndipo mwingine alipate. Mama mkwe wangu, Mwanahamisi, alimwahidi mjukuu wake jina lake. Alipofariki tukasema tutamwandikisha baada ya arobaini, na mume wangu Mbaruku akaanza kabisa kumwita mtoto "mama", kama ilivyo desturi kwa anayerithi jina la mzazi.

Kabla ya arobaini kutimia, kimondo kikatoboa paa la jiko letu, katika nyumba iliyokuwa bado kwa jina lake.

Jana Dokta Shekiondo, mtaalamu wa vimondo aliyekuja kukichukua, alikirudisha huku uso umemjaa furaha.

"Ni cha mawe, lakini hakifanani na kingine chochote. Hatujui kimetoka wapi. Tumekiwekea kundi lake peke yake, na jina tumeshakisajilia."

"Jina gani?" Mbaruku akauliza.

"La mwenye nyumba kilipoangukia, ndiyo kanuni. Mwanahamisi."

Sufuria ya uji ikaniponyoka.

"Hilo ni la mwanangu!" nikafoka. "Mwenye nyumba amekufa!"

"Ndiyo maana tulikuta liko wazi," akasema, furaha imemtoka.

"Sasa tutalipata lini?"

"Kikifa, dada." Akakitazama kile kitu cheusi mezani. "Lakini kina umri wa miaka bilioni nne."

Mtoto akaangua kilio. Nikamnyanyua nimpe baba yake, lakini Mbaruku hakutuona. Alikuwa ameinama, kiganja juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama," akasema.