Fuko Alivyochora Mayai ya Kanga

Zamani, Kenge alikutwa kando ya kiota cha Kanga chenye mayai manne.

"Mengine ameyala! Afukuzwe!" akapayuka Kasuku.

Kanga akalia, "Nilitaga kumi na manne. Mawili majanini, mengine sawasawa katika viota vitatu. Viwili vimesombwa na mafuriko."

Fuko mzee, asiyeona, akachora mchangani visanduku vitatu na nukta mbili. Mkabala na hivyo, nukta kumi na nne. Akafuta mbili huku, mbili kule. Kumi na mbili zilizobaki akazigawa visandukuni: nne nne, sawa na mayai yaliyomo kiotani; hakuna lililoliwa.

Kenge aliutazama mchoro, machozi yakamlengalenga. "Babu, umeonaje?"

"Nimepapasa tu, mjukuu wangu."

Wanyama wengine walipita pembeni mwa mchoro. Hakuna aliyethubutu kuukanyaga mchanga ule.