Shanga Nyuma ya Sikio

Siku hizo wanawake walifunga ushungi nyuma ya masikio ili shanga ionekane. Ndiyo sheria, na kila mtu, mume na mke, alivaa yake. Shanga ilisoma ubongo ikawaka kabla mwili haujatenda, mwenyewe akiwa bado hajui atakalofanya: kijani kwa jambo la kawaida, nyekundu kwa la kudhuru.

Mwanakombo alikuwa jikoni akisukuma chapati, ila macho hakuyaondoa sikioni kwa mumewe, Shaibu, aliyekaa kwenye kigoda akimbembeleza binti yao Rukia. Kijani. Ilikuwa kijani tangu asubuhi, na bado roho haikumtulia. Shanga yake mwenyewe hakuiwazia kabisa.

Ghafla Shaibu akakodoa macho sikioni kwa mkewe. Akainuka taratibu, akamkumbatia mtoto kifuani, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Mama Rukia," akasema, "tafadhali, usisogee."

"Kwani nimefanya nini?"

"Bado hujafanya."

Mwanakombo akacheka kwa woga. Akataka kuinua mikono yote miwili amwonyeshe kwamba ina unga tu.

Uliinuka wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye kisu cha vitunguu.