Mguu wa Mama Heroe

Enzi ndege walipokuwa na ngoma zao, Heroe msichana, ndege wa miguu mirefu, alicheza ziwani kwa ncha za vidole bila kutikisa maji. Kundi la wachezaji likamtaka, ila lilikuwa na mwiko: anayejiunga nalo haatamii yai maishani. Na kijana aliyempenda alikwisha kumfinyangia kiota cha tope.

"Ngoma ikikoma hujaingia, nafasi nampa mwingine," alionya Korongo, mpiga ngoma.

"Twende nyumbani, mwanangu," mama yake alimsihi. "Mimi niliiacha ngoma hii, wala sijuti."

Ngoma ikalia. Binti akaipa kisogo. Ndipo akamwona mama yake amefumba macho, kasimama kwa ncha za vidole, mguu mmoja juu, anatetemeka.

"Mama?"

"Nenda," mama akasema, "kabla sijaenda mimi."