Maneno Matatu kati ya Ishirini

Nyawira alizitupa karatasi kumi mezani kwa Oketch, mwenyekiti wa kamati ya mafuriko ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben.

"Nimevijaribu vipaza sauti vya tahadhari. Vimetangaza maneno ishirini. Watu kumi wamesimama chini ya nguzo ya saba, kando ya mto, wakiandika. Aliyesikia mengi amesikia matatu."

Oketch hakuzitazama. Ripoti yake ilikuwa tayari: wakazi wanne walikufa Aprili kwa sababu walipuuza tangazo. Kama ingetumwa hivyo leo, vipaza sauti vingebaki vilivyo hadi mvua nyingine.

"Hata sijui umetumwa na nani, madam. Watu wa huku ni wakaidi. Unawaambia hameni, wanakaa."

"Nani mkaidi?" Nabwire, muuza chapati, alifoka kutoka mlangoni. "Tulisikia bwoo-bwoo-bwoo! Nikadhani ni mheshimiwa anaomba kura, nikafunga dirisha. Jirani yangu naye akafunga lake. Hakulifungua tena."

Nyawira alipiga meza.

"Kipaza sauti cha nguzo ya saba kimeelekezwa kwenye ukuta wa ghala. Sauti inagonga, inarudi, maneno yanapandana. Na kelele za mtaa ambazo tangazo linapaswa kuzishinda zilipimwa tarehe ishirini na saba Desemba! Viwanda vimefungwa, nusu ya watu wako ushago, vijijini kwao. Mjinga gani hupima kelele za Mukuru wakati wa Krismasi?"

"Injinia aliyevisanifu amesoma, madam. Ingawa sisi hatujawahi kumwona hapa."

"Alifika. Mara moja. Alipima kwa saa mbili, akakimbilia nyama choma."

Oketch alipunguza sauti. "Nikiandika hivyo atanyang'anywa leseni. Pengine afungwe. Ana watoto, huenda. Wewe huna huruma?"

"Wale wanne pia walikuwa na watu wao. Andika."

"Mwandikie!" Nabwire alisema. "Ama nikuletee kalamu?"

Oketch alikata mstari wa kwanza, akaandika upya polepole: *Chanzo cha vifo ni usanifu mbaya. Vipaza sauti vihamishwe kabla ya mvua.* Akapiga muhuri. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa chini wanataka jina la injinia na nambari ya kitambulisho."

Nyawira alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akamsukumia.

"Nakili," alisema. "Usikosee nambari."